Penseli Chini ya Wino

Laurel Fork, West Virginia
17 Februari 1991

Kwako Mama Mkubwa Opal,

Natumaini baridi ya Akron haijakupata mifupani, na kwamba mwanao Denver na mkewe hawajaanza kukukataza kuingia jikoni. Mimi mzima. Nyumba yako naipitia kila Jumapili nikitoka kanisani. Paa halivuji. Paka amehamia chini ya baraza na hataki kuingia ndani hata nikimwekea maziwa. Nadhani bado anamsubiri Baba Mkubwa Hobart ashuke garini na mkebe wake wa chakula.

Kazini, kwenye nyumba ya wazee, picha yako ipo palepale ukutani, karibu na chumba cha dawa, ile uliyovaa kofia nyeupe ya unesi. Naifuta vumbi kila ninapoanza zamu ya saa tisa. Wageni wakiuliza ni nani, nasema ndiye aliyenilea.

Nakuandikia kwa sababu simu haifai tena kwa masikio yako, na pia kwa sababu kwenye simu ningelia.

Nimepata barua kutoka baraza la manesi wa vitendo, kule Charleston. Wanataka maelezo yangu kwa maandishi kabla ya tarehe kumi na tano Aprili. Mwezi wa kwanza alikuja kwetu mzee mmoja kutoka hospitali, amevunjika nyonga na kufanyiwa upasuaji. Alifika jioni. Siku ya tatu akafariki. Damu iliganda mguuni, ikapanda kwenye mapafu. Sasa baraza linauliza: huyu mzee alipofika, nani alimkagua na kuandika tathmini yake ya kwanza?

Wewe unaijua mipaka yetu kuliko mimi. Nesi wa vitendo anapima, anatazama, anasema alichokiona. Kuamua kina maana gani, na kuandika tathmini ya mgonjwa mpya, ni kazi ya nesi msajiliwa. Ulinikaririsha hayo mezani kwako, mimi na daftari, wewe na sufuria ya viazi.

Lakini unajua pia tunavyofanya hapa. Nesi msajiliwa ni mmoja tu, Gwenda Pruitt, na jioni huwa kwake, maili ishirini. Kwa hiyo mgonjwa akiingia, sisi tunajaza fomu yote kwa penseli. Asubuhi Gwenda anapitisha kalamu ya wino juu ya maneno yetu, anafuta penseli, anatia saini. Nilipoanza kazi niliikuta desturi hiyo na nikaambiwa, hivi ndivyo nyumba hii inavyokwenda.

Gwenda anataka niseme kwamba jioni ile alikuja. Hakuja.

Nikisema ukweli, nimekiri kwamba nilifanya kazi isiyo yangu, na leseni inaweza kwenda. Nikisema uongo, sijui nitakuwa nimebaki na nini hata kama leseni ipo. Mama Mkubwa, nifanye nini? Nina miaka ishirini na sita na sijui kazi nyingine yoyote.

Mwanao,
Twyla


Akron, Ohio
3 Machi 1991

Mwanangu Twyla,

Barua yako ilifika siku ya theluji. Denver aliileta ikiwa imelowa pembeni, nikaikausha juu ya kikaango cha mkate wa mahindi, ndiyo maana kama ungeinusa sasa ungesikia njaa. Wote hatujambo. Mke wa Denver ni mwema, ila anapika maharage dakika arobaini na kusema yameiva. Mimi nanyamaza. Ugenini hata meno yanajifunza adabu.

Usiku sipati usingizi mzuri. Miaka ya mwisho nilizoea kulala kwa kufuata kikohozi cha Hobart. Nikikisikia najua yupo. Sasa kimya ndicho kinachoniamsha. Juzi nilikuta kwenye mfuko wa koti lake vijiti viwili vya kuchokolea meno na kitufe cha shati langu la kazi. Kitufe hicho nilikitafuta mwaka 1974. Alikuwa nacho muda wote.

Niambie kaburi lake likoje. Lile jiwe dogo la miguuni, maji hayajalisogeza? Na ule udongo ulishuka?

Kuhusu lile jambo lako, usiandike jibu bado. Ngoja kwanza. Gwenda si mtu mbaya. Mimi nilimpokea akiwa mtu mzima aliyesoma ukubwani, ndiyo kwanza ametoka chuoni, viatu vinambana, analia chooni. Nakumbuka.

Mzee huyo ni nani? Hukusema jina.

Kula vizuri.

Mama yako mkubwa,
Opal


Laurel Fork
12 Machi 1991

Mama Mkubwa,

Nashukuru kusikia mko wazima. Huku theluji imeyeyuka na kijito kimefurika mpaka kwenye ua wa kanisa. Nimekutumia kwa posta mtungi wa siagi ya tofaa, ule wa mwisho tulioupika pamoja Septemba. Nimeufunga vizuri, natumaini hautavunjika. Usimwachie Denver, ataumaliza kwa kijiko.

Umeniambia ningoje. Nangoja nini, Mama Mkubwa? Siku zinakwenda. Nikisikia gari la posta nakimbilia mlangoni.

Jumatano Gwenda aliniita chumba cha dawa, akafunga mlango kwa kisigino kama kawaida yake.

"Umeandika?" akaniuliza.

"Bado."

"Bado, bado. Wewe binti unataka kutuzika wote tukiwa hai? Miezi kumi na minne tu nimebakiza nistaafu. Mume wangu yuko kwenye mtungi wa hewa. Unajua bima yangu ndiyo inayolipa ule mtungi?"

"Najua, Gwenda."

"Basi sema nilikuja. Saa kumi na mbili jioni, nikakaa nusu saa, nikaondoka. Nani atakataa? Wazee wenyewe hapa hawakumbuki kama wamekula."

"Na ile fomu?"

Hapo akageukia rafu ya dawa. Sijakueleza habari ya fomu, na inabidi nikueleze, maana ndiyo inayoninyima usingizi.

Jioni ile nilipomvua yule mzee soksi, mguu wa kushoto ulikuwa na joto kuliko wa kulia, na umevimba kidogo kwenye shavu la mguu. Sikuwa na haki ya kuandika kwamba ni damu imeganda. Lakini nilichokiona nilikiona. Kwa hiyo pale mwisho wa fomu nilimwandikia Gwenda ujumbe kwa penseli, kama tunavyoachiana siku zote: "Gwenda, mguu wa kushoto una joto na umevimba kidogo. Uangalie kwanza, kabla ya kahawa."

Asubuhi Gwenda alikuwa na fomu nne. Akakaa na kahawa yake akapitisha wino. Alipitisha juu ya kila neno, Mama Mkubwa. Na ujumbe wangu pia. Akafuta penseli, akatia saini, akaweka faili kabatini. Leo fomu ya serikali ina maneno ya Gwenda, kwa wino wa Gwenda, yanayomwambia Gwenda aangalie mguu kabla ya kahawa.

Hakuuangalia. Mimi nilikuwa na mapumziko siku mbili. Niliporudi kitanda kilikuwa kimetandikwa upya.

Mkaguzi wa serikali alipokuja kuchunguza kifo kile, alitoa nakala ya fomu. Sasa Gwenda anasema tuseme tuliandika pamoja, yeye ameshika kalamu na mimi nikimsomea. Nilipotoka chumbani nikakutana na picha yako, nikashindwa kuitazama.

Nijibu upesi, tafadhali.

Twyla


Laurel Fork
9 Aprili 1991

Mama Mkubwa Opal,

Ni wiki nne sijapata neno lako. Unaumwa? Denver angenipigia kama unaumwa. Au posta imepoteza barua? Au nimekuudhi?

Vitunguu vya mwitu vimeanza kuchomoza mlimani, wavulana wa Ratliff wameshavila na kufukuzwa darasani kwa harufu. Hilo ndilo jambo pekee lililonichekesha mwezi huu.

Nimeandika majibu mawili. Moja lipo kwenye droo ya vijiko, lingine kwenye droo ya nguo. Nikiamka nasoma moja, nikitaka kulala nasoma lingine. Zimebaki siku sita. Jana nilimpima bibi mmoja shinikizo la damu mara nne kwa sababu sikuamini masikio yangu. Bibi akaniambia, "Mwanangu, mkono huu niachie angalau wa kushikia kijiko."

Kama hutaki kuniambia la kufanya, niambie tu kwamba hutaki.

Twyla


Akron
11 Aprili 1991

Twyla mwanangu,

Siumwi. Hukuniudhi. Ama uliniudhi, lakini nitalifikia hilo.

Mtungi ulifika mzima. Ulikuwa umeufunga kwa gazeti la wilaya. Nilikuwa nalikunjua niliweke chini ya paka wa jirani, na hapo kwenye ukurasa wa nne, katikati ya doa la siagi, nikaona uso wa Estil Mullins. Amefariki tarehe kumi na moja Januari katika nyumba ya wazee ya Laurel Fork, baada ya kuvunjika nyonga. Atazikwa mlimani, kando ya rafiki yake wa mgodini, Hobart Blevins.

Nilikaa na lile gazeti mapajani mpaka mke wa Denver akawasha taa na kuniuliza kama nimekufa.

Kwa hiyo ndiyo maana hukunijibu habari za kaburi. Kuna kaburi jipya ubavuni mwake. Uliniambia "mzee mmoja." Estil, mzee mmoja! Miaka ishirini na tisa alichimba makaa bega kwa bega na mume wangu. Siku paa la mgodi liliposhuka, ndiye aliyemvuta Hobart kwa mkanda. Walinunua viwanja vya makaburi pamoja siku moja, kwa mzaha, ili wapate kuendelea kubishana. Hobart alisema, "Estil akitangulia nitapumzika." Sasa yeye ndiye aliyetangulia, na hakupata hata miezi mitatu ya mapumziko.

Sijui kama ulilifunga gazeti lile kwa bahati mbaya, au mkono wako ulisema kilichoushinda mdomo. Sikuulizi. Ulitaka kuniepusha na msiba juu ya msiba. Lakini mtu aliyefiwa si yai, mwanangu. Alishavunjika.

Nami sina haki ya kukasirika, maana nimekuficha zaidi. Wiki hizi zote nilikuwa naanza barua na kuichana. Sasa naandika bila kusimama.

Ile penseli ni yangu.

Ilikuwa 1969. Nesi msajiliwa wetu alikuwa Bi Harless, mgonjwa wa moyo, na barabara ya juu ilikuwa imekatika kwa mafuriko. Walikuja wagonjwa watano kwa siku moja. Sheria ilitaka tathmini ndani ya saa ishirini na nne. Mimi nikasema, nitajaza kwa penseli, ukifika utapitisha wino, hakuna atakayejua. Nilijivuna. Nilifikiri nimeiokoa nyumba. Barabara ilifunguka baada ya siku tisa. Penseli haikuondoka. Gwenda alipokuja mgeni, mimi ndiye niliyemkalisha kitini na kumwonyesha jinsi ya kupitisha wino bila kutikisika. Alisita. Aliniuliza, "Opal, je, nisimwone mgonjwa kwanza?" Nikamwambia, "Mimi nimeshamwona. Macho yangu ni mazuri."

Na yalikuwa mazuri. Hilo ndilo lililonidanganya. Miaka kumi na saba sikukosea, au sikujua nilipokosea. Nilikufundisha mipaka ukiwa mezani kwangu, na sikukuambia kwamba mwenyewe nilikuwa nimeivuka mpaka pakawa njia isiyoota majani. Wameniwekea picha ukutani kwa kazi hiyo.

Jana nimeandika kwa baraza. Nimewaambia yote, kwa wino, kurasa tatu. Leseni yangu iliisha zamani, hawawezi kunifanya kitu. Ila waijue penseli ilikoanzia.

Wewe sema kweli. Sikuambii hivyo kwa sababu utapona; sijui kama utapona. Gwenda atalia, na mumewe namhurumia. Lakini Beulah Mullins anastahili kujua ni nani alimtazama mumewe na nani hakumtazama.

Jambo moja tu. Kwenye meza ya manesi kuna simu. Ilikuwepo wakati wangu na nina hakika ipo. Katika barua zako zote hujaitaja.

Mama yako mkubwa,
Opal


Laurel Fork
20 Aprili 1991

Mama Mkubwa,

Barua yako imefika Jumanne, tarehe kumi na sita. Jibu langu nilikuwa nimeshalituma tangu Ijumaa. Lile la droo ya vijiko, la kweli. Nataka ujue kwamba nililituma kabla ya kusoma yako. Si kwa ujeuri. Nilingoja uniambie, ukanyamaza, ikabidi nipige moyo konde. Labda kunyamaza kwako ndiko kulikonisaidia, ingawa sitaki kukushukuru kwa hilo.

Nisamehe kwa Estil. Nilimtambua alipoingizwa kwenye kiti cha magurudumu. Akaniambia, "We si yule katoto ka Opal kalikokuwa kanalala mezani na mdomo wazi?" Nikamwambia ndimi. Akasema, "Basi niko mikono salama." Sikuweza kukuandikia hayo.

Kaburi la Baba Mkubwa liko sawa. Jiwe la miguuni halikusogea. La Estil lina udongo mbichi bado, na Beulah ameweka hapo kofia yake ya mgodini chini ya bati ili mvua isiiharibu. Nafika pale asubuhi sana ili nisikutane naye.

Kuhusu penseli, sijui niseme nini. Nililia, kisha nikacheka peke yangu, kwa sababu nilikumbuka ulivyokuwa unanichapa kidole nikijibu swali la mtihani ovyo: "Umeona, au umeamua?" Kila siku ulikuwa unajiuliza mwenyewe kumbe.

Shauri litasikilizwa Charleston, Alhamisi tarehe sita Juni. Gwenda hasemi nami. Akipita korido anatazama miguu yangu. Yeye ana baraza lake la manesi wasajiliwa, lakini ataitwa kwetu kama shahidi. Mkurugenzi ameishusha picha yako. Alisema ukuta unapakwa rangi. Hakuna rangi iliyopakwa. Nimeichukua, ipo kwangu juu ya jokofu.

Twyla


Akron
19 Mei 1991

Mwanangu,

Nilitaka kuja Charleston. Nilishafunga hata sanduku. Daktari amesema miguu yangu haiwezi saa tano za basi, na Denver akalificha sanduku lenyewe kwenye buti la gari kama mimi ni mtoto mtoro. Kwa hiyo utakwenda peke yako, na mimi nitakuwa hapa dirishani nikitazama watu wanavyokata nyasi vibaya.

Jumapili ijayo ni Siku ya Kupamba Makaburi. Ni mara ya kwanza tangu niolewe sitapanda ule mlima. Mwekee Hobart maua ya karatasi, yale mekundu yapo kabatini kwangu kwenye boksi la viatu. Na mwekee Estil pia. Ukimkuta Beulah usikimbie. Kaa.

Vaa gauni la bluu. Usitafune kucha mbele yao. Wakikuuliza, sema ulichokiona. Wakikuuliza usichokijua, sema hujui. Wakikuuliza habari yangu, usinitetee.

Kuhusu simu hukunijibu. Sitauliza tena. Lakini wao watauliza.

Opal


Laurel Fork
9 Juni 1991

Mama Mkubwa mpendwa,

Nakuandikia jikoni kwako, mlango wazi, paka amekalia mguu wangu. Nimeshindwa kuandika kwangu.

Siku ya makaburi Beulah hakuja mlimani. Alikuwa mgonjwa, walisema. Nikaweka maua kote kuwili na kushuka.

Charleston chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyokiogopa. Meza moja, watu watano, jagi la maji. Mwenyekiti ni mama wa makamo, miwani yake ina mnyororo. Nesi wa vitendo kama sisi. Mikono yake imepasuka kwa sabuni. Nyuma kulikuwa na viti, na kwenye kiti cha mwisho, na pochi mapajani, alikaa Beulah.

Walisoma barua yako kwa sauti. Kurasa zote tatu. Walipofika mahali pa "nilijivuna," mwenyekiti alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

Kisha wakamwita Gwenda. Wakampa ile fomu.

"Bi Pruitt, huu ni mwandiko wako?"

"Wino ni wangu."

"Hapa chini pameandikwa, Gwenda, uangalie kwanza, kabla ya kahawa. Huwa unajiandikia barua?"

Mtu mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Nilifikiri Gwenda atasema tuliandika pamoja. Alifungua mdomo. Alinitazama, akamtazama Beulah kule nyuma, akasema, "Sikuwa nasoma. Nilikuwa nafuatisha tu. Miaka kumi na minne nimekuwa nafuatisha." Akaiweka fomu mezani taratibu kama kitu cha moto, na akasema leseni yake atairudisha mwenyewe kwa baraza lake, hawana haja ya kumwita. Alipopita kwangu alinigusa bega. Sijui kwa maana gani.

Ikawa zamu yangu. Nikaeleza yote kama nilivyokueleza. Nikafikiri wamemaliza. Mwenyekiti akauliza kama familia ya marehemu ina neno. Beulah akasimama. Unamjua, hana sauti kubwa.

"Twyla," akasema, "wewe uliuona mguu wake una joto?"

"Ndiyo, Bi Beulah."

"Na ulijua ni jambo la kusemwa?"

"Nilijua."

"Ukamwambia nani?"

Mama Mkubwa, hapo ndipo ilipo ile simu. Ipo mezani, ya rangi ya krimu, waya umejisokota kama ulivyouacha. Jioni ile nilikuwa nimekaa umbali wa mkono mmoja nayo. Gwenda ukimpigia jioni anafoka: "Nani anakufa?" Na kama hakuna anayekufa anakata. Wiki ile nilikuwa nimeshampigia mara mbili, nikafokewa mara mbili. Niliushika mkono wa simu, nikaurudisha. Nikasema moyoni, ataona asubuhi, nimemwandikia. Kuandika tathmini haikuwa kazi yangu na niliifanya. Kupiga simu ilikuwa kazi yangu na sikuifanya. Hilo halikuwemo katika jibu la droo yoyote. Hata wewe nilikuficha.

Nikamwambia Beulah, "Niliiambia karatasi."

Alishika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake. Kisha akasema, "Haya," akakaa, akafungua pochi akaifunga.

Wamenisimamisha miezi mitatu. Nikirudi nitafanya kazi chini ya uangalizi mwaka mzima, na nisome tena somo la mipaka ya kazi na utoaji taarifa. Leseni sikunyang'anywa. Mwenyekiti alisema kilichoniokoa ni kwamba niliisema mwenyewe kabla ya kubanwa. Haikuwa kweli kabisa. Beulah alinibana. Nilitaka kumsahihisha mwenyekiti, nikatafuna ukucha badala yake. Nisamehe, gauni lilikuwa la bluu lakini.

Kwa sasa naosha vyombo kwenye mgahawa wa barabarani. Jioni nikifumba macho naona mapovu ya sabuni.

Twyla


Akron
23 Juni 1991

Mwanangu Twyla,

Nimeisoma barua yako mara tatu na sina la kukukaripia.

Nitakuambia kitu kidogo. Mwaka ule wa 1974, kitufe kile kilipokatika, nilikuwa nimempigia Bi Harless simu kuhusu mgonjwa na akanifokea mbele ya watu. Nikarudi nyumbani nikavua shati kwa hasira mpaka kikaruka. Tangu siku ile sikupiga simu tena kama si kifo. Nilidhani nimekuwa hodari. Hobart aliokota kitufe, akakitia mfukoni. Alikuwa anajua, nadhani, kwamba kuna kitu zaidi kilichoanguka.

Nimekishona kwenye koti langu la Jumapili. Hakifanani na vingine.

Kakate nyasi za Beulah. Usiombe ruhusa, na usiombe msamaha, kakate tu.

Opal


Laurel Fork
15 Septemba 1991

Mama Mkubwa Opal,

Mti wako wa tofaa umezaa mpaka tawi moja limevunjika. Mitungi nimeshaichemsha. Mwaka huu nitapika siagi na Beulah, jikoni kwake. Nilikata nyasi zake Jumamosi nane bila kuambiwa kitu. Jumamosi ya tisa alitoka na glasi ya maziwa ya mgando akaiweka kwenye ngazi, akarudi ndani. Ya kumi alisema, "Unaacha nyasi nyingi kando ya ua." Tangu hapo tunaongea. Habari za Estil tunazungumza, ila si za mguu. Anasema sasa hivi Hobart na Estil watakuwa wanabishana kuhusu nani amepata udongo mzuri.

Nimerudi kazini Jumatatu iliyopita. Nesi msajiliwa mpya anaitwa Ardith Cantley. Ni mfupi, mkali, ana mbwa ndani ya gari. Nyumba imelazimishwa kuajiri wa pili, bado hajapatikana. Penseli zote zimeondolewa mezani. Kwenye korido pale penye picha yako pamebaki msumari. Nimeuacha.

Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, Ardith akiwa ameshakwenda kwake, aliletwa mama mmoja kutoka hospitali, Bi Zella. Nyonga pia. Nilipomvua soksi nilienda polepole mpaka akaniuliza kama mimi ni mgonjwa kuliko yeye. Mguu wa kulia ulikuwa na joto. Kidogo tu. Labda ni blanketi. Labda ni mikono yangu. Fomu ilikuwa pale, na kalamu ya wino mfukoni, na kusema kweli, Mama Mkubwa, vidole vilijua njia ya kwenda.

Nikapiga simu.

"Twyla," Ardith akasema, "hii ni mara ya tatu leo."

"Ndiyo. Na hii ni ya mguu."

"Umeona nini?"

"Una joto kuliko wa pili. Sijui ni nini."

Nikasubiri kufokewa, nimefumba macho.

"Usimsogeze," akasema. "Nakuja. Mwambie nakuja."

Nikavuta kiti nikakaa na Bi Zella. Fomu ilikaa tupu juu ya blanketi, katikati yetu. Akaniuliza kwa nini siandiki kitu, manesi wote huandika. Nikamwambia namngoja mwenzangu. Tukazungumza habari za kuku wake. Dakika arobaini na tano baadaye tukasikia mbwa anabweka nje, na Ardith akaingia na koti lake, akanawa mikono, akaushika ule mguu.

Mwanao,
Twyla